Mchezaji Aliyejifunza Kusoma Ukubwani

Leo tumtazame Dexter Manley wa Marekani. Mpira wa kwao hushikwa mikononi, na wachezaji huangushana chini. Tangu mwaka 1981 hata 1989 aliichezea timu ya mji wa Washington, akapata ubingwa wa nchi mara mbili. Alikuwa amekaa chuo kikuu miaka minne, lakini kusoma hakujua. Aliificha siri hiyo kwa aibu. Mwaka 1989 alikwenda mbele ya Seneti, baraza la kutunga sheria, akaitoa huku akilia. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza masomo, mtu mzima kama ninyi, na kusoma akakujua. Nguvu za mwili hupungua. Kusoma hakumwachi mtu. Haya, fungueni vitabu.