Kwa nini nyumbu hawaongezeki bila kikomo: Funzo kwa wafugaji wa Kuria

MFUGAJI wa Kegonga, katika eneo la Kuria Mashariki, Kaunti ya Migori, hahitaji kwenda mbali kuwaona majirani wanaotegemea nyasi kama ng'ombe wake. Mashariki mwa mji huo mdogo ni Transmara, na ng'ambo ya mpaka wa Tanzania ni nyanda za Serengeti. Huko ndiko waliko nyumbu zaidi ya milioni moja ambao kila mwaka hufuata mvua na malisho, na kati ya Julai na Oktoba wengi wao huvuka Mto Mara na kuingia Kenya.

Nyumbu hao huzaana kwa wingi. Idadi kubwa ya ndama huzaliwa katika majuma machache mwanzoni mwa mwaka, kwenye nyanda za kusini mwa Serengeti. Iwapo wote wangekua na kuzaa, nchi ingefurika nyumbu katika muda mfupi. Mbona basi haijafurika?

Wataalamu wa ikolojia hujibu kwamba kila mazingira yana kiwango cha uhimili, yaani idadi ya viumbe wa aina fulani wanaoweza kukimiwa na chakula, maji na nafasi iliyopo kwa muda mrefu, bila mazingira yenyewe kuharibika.

Chukua mfano wa malisho yanayotosha ng'ombe 100. Wakiwa 10, kila mmoja hushiba na karibu kila ndama huishi, lakini kwa kuwa mama ni wachache, ongezeko huonekana dogo. Wakifika 50, mama ni wengi na nyasi bado zipo, hivyo idadi hupanda kwa kasi. Wakikaribia 100, hugombania nyasi. Maziwa hupungua, ndama hudhoofu na wazee hufa mapema. Hatimaye wanaozaliwa hulingana na wanaokufa, nayo idadi hutulia.

Jambo hili si nadharia tupu, kwani historia ya nyumbu wa Serengeti na Mara imelithibitisha.

Katika miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka ulienea Afrika Mashariki na kuangamiza ng'ombe, nyati na nyumbu. Jamii za wafugaji zilikumbwa na njaa kubwa. Kwa miongo kadhaa baadaye, sotoka iliendelea kuua ndama wa nyumbu, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa takriban 250,000 pekee.

Ukombozi wao ulianzia katika maboma ya ng'ombe. Chanjo iliyobuniwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, karibu na Nairobi, ilisaidia kuitokomeza sotoka miongoni mwa mifugo. Nyumbu hawakuchanjwa, lakini ng'ombe walipokingwa, ugonjwa ulikosa pa kujificha. Kufikia 1977, nyumbu walikuwa wamepita milioni 1.3. Punda milia, ambao hawaugui sotoka, hawakuongezeka hivyo. Mwaka wa 2011, ulimwengu ulitangazwa kuwa umeondokewa kabisa na ugonjwa huo.

Baada ya 1977 ongezeko lilikoma, ingawa sotoka haikuwapo tena. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999, uliotumia takwimu za miaka 40, ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya vifo vya nyumbu vilihusiana na utapiamlo. Hata baadhi ya walioliwa na simba na fisi walikuwa tayari wamedhoofika kwa njaa. Ukame mkali wa mwaka wa 1993 uliua nyumbu wengi, na idadi yao ikashuka chini ya milioni moja kabla ya kupanda tena.

Hapa ndipo lilipo funzo kuu. Kiwango cha uhimili hakipimwi wakati wa masika, nyasi zinapofika magotini, bali hupimwa kiangazi, zinaposalia vishina. Mfugaji anayeongeza ng'ombe kwa kutazama malisho ya Aprili huenda akawapoteza ukame unapobisha hodi.

Aidha, kiwango hicho si nambari isiyobadilika. Mvua zikizidi, hupanda. Ardhi ikimomonyoka au ikitwaliwa kwa matumizi mengine, hushuka. Katika nyanda za Loita, Kaunti ya Narok, sehemu kubwa ya malisho ya masika iligeuzwa mashamba ya ngano. Nyumbu wa huko, waliozidi 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, walipungua kwa zaidi ya robo tatu kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990. Hawakuuawa na sotoka. Walinyang'anywa ardhi.

Binadamu naye hayuko nje ya kanuni hii, ingawa ana uwezo ambao nyumbu hana: anaweza kupanda nyasi, kuhifadhi malisho, kuchimba mabwawa na kununua chakula kutoka mbali. Hata hivyo, ardhi haiongezeki. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 917,170 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Migori; ile ya 2019 ikahesabu 1,116,436. Shamba la babu likigawiwa wana, kisha wajukuu, malisho hugeuka mahindi, na ng'ombe husukumwa kando ya barabara na kwenye miteremko.

Malisho yakilishwa kupita kiasi, hasara haiishii kwa mifugo wanaokufa mwaka huo. Mizizi hufa, mvua huchukua udongo wa juu, na ardhi iliyotosha ng'ombe 100 hubaki ikitosha 60. Mfugaji anayepunguza mifugo yake mapema, wakati bado wana afya na bei nzuri, huokoa fedha zake na nyasi za msimu ujao. Nyumbu hawezi kufanya uamuzi huo; hufanyiwa na kiangazi.