Homa ya uti wa mgongo haitokani na kulalia baridi

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, wazazi huniletea maswali mengi, na safari hii mengi ni ya homa ya uti wa mgongo. Mmoja anauliza kama binti yake anayekwenda hosteli anunuliwe godoro nene, maana amesikia ugonjwa huo huletwa na kulalia baridi. Mwingine ameuziwa chupa ya tangawizi na kitunguu saumu "ya kusafisha uti wa mgongo". Godoro mnunulieni, alale vizuri. Chupa mrudishieni aliyewauzia.

Ugonjwa huu una vyanzo kadhaa, virusi na fangasi wakiwemo, lakini unaotisha zaidi mabwenini ni ule wa bakteria aitwaye meningokokasi. Huyu huishi nyuma ya pua na kooni, mara nyingi bila kumdhuru mwenyeji wake, na huhama kwa mate na makamasi. Mwaka 1997 watafiti waliwapima wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Siku ya kwanza ya muhula asilimia 6.9 walikuwa naye kooni. Siku ya nne, asilimia 23.1. Siku nne tu! Baridi haikuhusika hapo: vijana wa kila pembe walikutana, wakaongea uso kwa uso, wakabusiana.

Wengi wanaombeba hawaugui kamwe. Hatari huanza bakteria anapopenya hadi kwenye damu, na huko hulindwa na utando wa sukari uliomfunika. Chanjo za makundi A, C, W na Y ya bakteria huyu huufundisha mwili kuutambua utando huo. Ya kundi B ilishindikana miaka mingi, kwa sababu ambayo mpaka leo inanishangaza: sukari ya utando wake ni sawa na ile iliyo juu ya seli za neva za binadamu. Ni mwizi aliyevaa sare za mlinzi. Kinga ya mwili humpita bila kumshuku, na kuifundisha imshambulie kungeweza kuigeuza dhidi ya neva zetu wenyewe. Njia ilipatikana kupitia jenomu ya bakteria huyo, iliyochapishwa mwaka 2000. Rino Rappuoli na wenzake nchini Italia waliachana na utando, wakapekua jeni kwa kompyuta wakitafuta protini zinazochomoza nje ya bakteria. Kutokana na protini hizo ikatengenezwa chanjo, iliyoidhinishwa Ulaya Januari 2013.

Mwaka huohuo kundi B lilizuka Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ambako chanjo hiyo ilikuwa bado haijaidhinishwa. Ikaingizwa kwa kibali maalumu, wanafunzi wakaanza kudungwa Desemba. Waliochanjwa hawakuugua. Lakini Machi 2014 alifariki mwanafunzi wa chuo kingine, Drexel, aliyekuwa amekaribiana na wale wa Princeton. Chanjo ya B humlinda aliyedungwa, haimfukuzi bakteria kooni. Utafiti mkubwa wa wanafunzi wa sekondari huko Australia Kusini ulikuja kuthibitisha hilo. Kwa hiyo sindano ya mwenzako haikukingi wewe.

Linalonichosha zaidi ni ndugu kukataa kipimo cha maji ya uti wa mgongo, eti sindano hupoozesha. Uti wenyewe huishia juu kidogo ya kiuno. Sindano hupitishwa chini ya hapo, penye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Kinachopoozesha na kuziba masikio ni ugonjwa. Na yule anayedai shingo iliyokakamaa na kuweweseka ni mapepo, akaagiza kafara ya siku tatu, anaua watoto wa watu: meningokokasi anaweza kumaliza kazi ndani ya saa 24, na hata kwa tiba nzuri takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hufariki.

Ya kufanya ni machache. Kabla ya kuripoti chuoni, ulizia chanjo ya A, C, W na Y, ileile wanayodungwa mahujaji wanaokwenda Makka. Anayekwenda kusoma Uingereza au Marekani aulizie na ya B. Homa kali, kichwa kinachopasuka, kutapika, shingo kukakamaa na kuchukia mwanga visiitwe malaria kabla ya kupima. Kukitokea madoa yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi (kwenye ngozi nyeusi tazama viganja, nyayo na ndani ya midomo), hospitali usiku huohuo, msisubiri kuche.

Na msigawane antibiotiki za duka la dawa bweni zima. Dawa ya kinga hutolewa na daktari kwa waliokaa karibu kabisa na mgonjwa: wa chumba kimoja, mpenzi wake, waliogusana na mate yake. Aliyepishana naye maktaba haihitaji.