Msanii awajibikie maneno anayowavisha watu

NENO ‘usanii’ limepatwa na mkosi. Mtaani ukimsikia mtu akilalamika, “Huo ni usanii tu!”, fahamu kwamba anazungumzia ulaghai: mtu kaahidi, kisha kaingia mitini. Maana hii inapaswa kumkera kila mchoraji, mchongaji na mbunifu wa mitindo kwa kuwa inadokeza kuwa msanii hawajibikii anachokitoa.

Je, msanii ana wajibu gani kwa jamii? Hebu tulijibu swali hili kwa kuitazama leso, au kanga.

Kanga ina sehemu tatu: pindo, yaani ukingo unaoizunguka pande zote, mji, ambao ni sehemu ya kati, na jina, yale maandishi yaliyo upande wa chini. Jina ndilo linaloipa kanga ulimi. Chukua mfano wa ‘Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake’. Hakuna aliyetajwa hapo, ila mwanamke akijifunga kanga hiyo na kupita mlangoni pa jirani aliyekosana naye, ujumbe umefika.

Mbunifu hamjui jirani huyo. Anaweza kudai kuwa yeye kauza kitambaa tu, mwenye ugomvi ni aliyekivaa. Dai hili ni kweli nusu. Fumbo humwachia kila mtu nafasi ya kulifasiri, na mwanamke ana haki ya kusema kwa vazi asichoweza kukitamka. Hata hivyo, tusi la wazi, au maneno yanayodunisha kabila, dini au maumbile ya mtu, hayaachi nafasi hiyo. Aliyeyachapisha ndiye msemaji wa kwanza.

Wajibu wa pili ni wa lugha. Mtu akiboronga tahajia katika daftari lake, kosa linabaki humo. Akiiboronga kwenye kanga, kosa linatembea sokoni na arusini, na mtoto analisoma kiunoni mwa mamake akidhani ndicho Kiswahili. Si gharama kubwa kumwomba mjuzi wa lugha ayapitie maneno kabla ya kuchapwa.

Wajibu wa tatu ni kukiri kazi ni ya nani. Kanga za duka la Kaderdina Hajee Essak, Mombasa, hutambulika kwa alama ‘K.H.E. – Mali ya Abdulla’. Alama kama hiyo hulinda ubunifu, lakini pia humweka mwenyewe mahali anapoweza kuulizwa. Anayenakili mchoro wa mwenzake na kuifuta alama amekwepa yote mawili, jasho na lawama. Huo ndio usanii wa mtaani hasa.

Kabla ya kuchapa, basi, mbunifu na ajiulize: je, ningekubali jina langu liandikwe kando ya maneno haya? Akisita, ayaache.