Fahamu: Kwa nini Harley-Davidson ilifuata vumbi pamoja na lami

Harley-Davidson, kampuni ya Milwaukee, Marekani, iliyoanzishwa 1903, inajulikana kwa pikipiki nzito za barabara kuu: kiti cha chini, miguu mbele, muungurumo mzito. Mwaka 2021 ilileta sokoni Pan America 1250, pikipiki ya safari ngumu inayopita kwenye lami na vumbi.

Kwa nini ilibadili mwelekeo?
Wateja wake wa Marekani walikuwa wakizeeka, na mauzo yake huko yalikuwa yameshuka kwa miaka kadhaa. Pikipiki za safari ngumu, ambazo BMW ilizipa umaarufu tangu R 80 G/S ya 1980, zilikuwa na wanunuzi wengi, hasa Ulaya, ambako Harley ilitaka kukua.

Nini kipya?
Injini yake ya sentimita za ujazo 1,252 ina nguvu za farasi 150 na hupozwa kwa maji, tofauti na injini za Harley zilizozoeleka, za kupozwa kwa hewa. Gurudumu la nyuma linazungushwa na mnyororo badala ya mkanda. Toleo la Special linaweza kuwekewa mfumo unaoishusha pikipiki inaposimama, ili hata mfupi akanyage chini, kisha kuiinua ikiondoka.

Changamoto ni ipi?
Uzito. Ina zaidi ya kilo 240. Ikianguka porini, kuiinua peke yako ni kazi.

Je, kila kitu kilitegemea pikipiki hii moja?
Hapana. Mwaka huohuo toleo jingine la injini hiyo liliwekwa kwenye Sportster S, pikipiki ya lami.