Meli ya nchi tano: hesabu viza kabla ya bandari

Vijana wetu walioko Doha na Dubai wana mtindo mpya. Zamani walimtumia mama pesa za mabati. Sasa wanataka kumpandisha meli ya kitalii azunguke nchi tano kwa wiki moja. Hapa Ozi nimeshaulizwa habari hii mara kadhaa, na kila anayeuliza hunionyesha tangazo kwenye simu: nchi nyingi, bei ndogo. Nia ni njema. Ila tangazo halisemi yote, na pesa zenyewe ni za jasho la miaka.

Jambo la kwanza ni pasipoti. Mzungu akiona nchi tano huona picha tano. Sisi wenye pasipoti ya Kenya tuone milango mitano, na kila mlango una bawabu wake. Chukua meli inayotoka Dubai ikapita Muscat na Doha kisha ikarudi Dubai. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja, imekwisha pale meli ilipotoka. Ya Ulaya ni vivyo hivyo: meli ikitoka Barcelona ikagusa Tunis, umetoka eneo la Schengen, na kurudi kwataka viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukikosa karatasi moja, huenda usipandishwe kabisa, na nauli ikapotea.

Hata bahari yetu hii ina mitego. Zanzibar tunaingia bila viza. Mauritius pia. Shelisheli haitaki viza, bali kibali cha kuomba mapema kwa mtandao. Lakini Réunion, ambayo iko jirani kabisa na Mauritius, ni Ufaransa, na viza ya kawaida ya Schengen haikufungulii mlango huo. Kampuni huziweka bandari hizo mbili katika safari moja kana kwamba ni Kipini na Lamu.

Pili, muda. Meli hizi husafiri usiku, huingia asubuhi, huondoka jioni. Mama akishuka Muscat kwenda kuona msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, ana saa chache, na humo mna foleni na teksi. Meli haimngoji mtu. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn, iliyokuwa ikitoka Cape Town kwenda Barcelona, iliwaacha abiria wanane kisiwani São Tomé kwa kuwa walichelewa. Mmoja wao alikuwa mjamzito. Waliifukuzia hadi Gambia, huko nayo ikashindwa kutia nanga kwa sababu ya maji ya bahari, wakaipata Senegal. Walikuwa Wamarekani na Waaustralia, watu wenye pasipoti zinazopita kwingi. Mfikirie mama wa Ozi hapo.

Bei nayo ina siri yake. Ile iliyoandikwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha wawili. Anayelala peke yake mara nyingi hulipa karibu mara mbili. Kuna bahashishi ya wafanyakazi inayokatwa kila siku, intaneti, na matembezi ya nchi kavu. Na tikiti ni rahisi kwa sababu kampuni hutegemea faida ya baa na kasino. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi kama nyama ni halali. Samaki na mboga hazikosi. Kibla hugeuka meli inapogeuka, basi chukua dira. Na kukusanya na kupunguza Swala ni rukhsa ya msafiri.

Mimi ningemchagulia mama yangu meli ya bandari mbili au tatu tu, inayolala bandarini walau usiku mmoja, na katika msimu wa Novemba hadi Machi wakati Ghuba haina joto la kuunguza. Asafiri na mwanawe, wala si na kundi la wageni.

Na kadi ya homa ya manjano isisahauliwe, maana sisi twatoka nchi yenye ugonjwa huo na bandari nyingi huiuliza. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Mwenye kadi ya zamani asiitupe: tangu 2016 chanjo moja yahesabiwa ya maisha, hata kama kadi imeandikwa miaka 10.