Familia ya Dukani

Familia inayokuja na fremu mpya haina shida zake. Baba ana meno yote, mama hajachoka, mtoto hajalia wala kujichafua. Ni karatasi tu, iliyowekwa nyuma ya kioo ili mnunuzi aone picha yake itakavyokaa, na pembeni imeandikwa kipimo: sentimita 10 kwa 15, yaani inchi 4 kwa 6. Mbunifu wake hutafuta sura zisizofanana na mtu yeyote hasa, ili kila mteja aweze kuziondoa bila kujuta.

Kwa fremu inayouzwa Doha kuna swali la ziada: familia hiyo inamtabasamia nani? Wageni nchini Qatar ni wengi kuliko raia kwa mbali sana, na miongoni mwao wamo Wakenya na Waganda wanaolinda milango, wanaohudumu hotelini, wanaolea watoto wa wenzao. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri havitoi mwenyewe. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi anayetaka kuleta mke na watoto waishi naye, kigezo cha kawaida ni mshahara wa riyali 10,000, au pungufu ya hapo kama mwajiri anampa nyumba ya familia. Hesabu hiyo haichapishwi kwenye fremu. Kwa hiyo mteja anayeihitaji fremu kuliko wote ndiye yule ambaye watu wake hawapo kabisa.

Wenyeji nao wana yao. Nyumba nyingi za Ghuba hazipendi sura za wanawake zianikwe mbele ya kila mgeni, hivyo maua, jangwa, kipanga au jahazi ni chaguo lisilomuudhi mtu. Picha iliyoshinda zote, hata hivyo, haikutoka kwa mbunifu wa fremu. Juni 2017, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilipoitenga Qatar, mchoro wa Ahmed Al Maadheed wa Amiri Tamim, mweusi kwa mweupe, ulienea kwenye maghorofa, magari na makava ya simu. Huo hakuna aliyeutoa kuweka picha ya shangazi. Sisi tunaujua mtindo huo kutoka ofisi zetu, ambako rais hubadilika na fremu hubaki.

Turudi kwa yule mteja ambaye watu wake hawapo, tuseme ni mlinzi wa mlango. Picha yake imetumwa kwa WhatsApp kutoka Kisumu, na kamera nyingi za simu hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, ilhali karatasi ya 10 kwa 15 ni 3 kwa 2. Ikijazwa upana wote wa sentimita 15, kimo chake kinatakiwa kiwe 11.25. Sentimita moja na robo lazima ikatwe, kisha ukingo wa fremu unakula milimita kadhaa kila upande. Anayeumia ni mjomba mrefu aliyesimama nyuma, au watoto waliokaa chini mbele. Wakipiga simu ikiwa wima, anayekatwa ni bibi, kwa sababu bibi huwekewa kiti pembeni.

Mstari mmoja wa nukta kwenye ile karatasi ya mfano, ukionyesha picha ya simu itakatwa wapi, ungemfaa mteja huyu kuliko meno ya yule baba. Wino wake ni uleule, na hauhitaji kumlipa mwanamitindo.