Mgeni Azuruye Tabora

Mgeni atakaye kujua habari za Wanyamwezi na njia ya zamani ya misafara, na afike Tabora wakati wa kiangazi, maana masika njia za vijijini huwa na matope. Asubuhi awaamkie wenyeji kwa lugha yao, "Mwangaluka!" nao watampokea kwa furaha.

Karibu na mji, upande wa kusini-magharibi, ipo Kwihara. Hapo pana tembe, yaani nyumba ya kuta nene za udongo na paa la bapa. Mwaka wa 1872 David Livingstone alikaa Kwihara miezi 6, akingoja wapagazi aliopelekewa na Stanley kutoka pwani. Tembe hiyo ilijengwa upya mwaka wa 1957, nayo sasa ni nyumba ya makumbusho.

Lakini mgeni asimkumbuke Livingstone peke yake. Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe na nguo, mzigo wa frasila 2 hivi kwa kila mtu. Wengi wao walikuwa watu huru, na ujira wao ulikuwa nguo na ushanga. Wengine walipita njia iyo hiyo wamefungwa minyororo, wakauzwa kama bidhaa. Si vema kuwachanganya watu hawa.

Basi, ukiona miembe mikubwa, keti kivulini, umwulize mzee habari za safari, umsikilize mpaka amalize. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa vitabuni. Yaliyobaki yamo vinywani mwa jamaa zao.